Mwisho Aliotusomea Mama Eva

Mimi nikikasirika nashona vizuri zaidi, waulize wote wa barazani. Mshono unanyooka, marinda yanalala, sikosei hata tundu moja la kifungo. Ile Jumatatu ya kwanza ya Januari nilimaliza sketi sita za shule kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyethubutu kuniuliza nina nini. Nilikuwa namsubiri mtu. Nilikuwa namsubiri Mama Eva ashuke kutoka Suji, aje anieleze kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini alinidanganya.

Ngoja kwanza nikwambie Mama Eva ni nani, maana ukimwona hivi hivi utamwonea huruma bure. Jina lake Eliakunda, Mpare wa milimani, miaka sitini na ushee, mfupi, na miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja pale mguu ulipokatika. Ni Msabato wa kweli kweli. Jumamosi humwoni kazini, na chai ya majani haigusi. Anakunywa maji ya moto yenye tangawizi anayoileta mwenyewe kutoka kwao. Mumewe alifariki zamani, akamwachia cherehani moja na watoto watatu, na wote watatu aliwasomesha kwa cherehani hiyo. Eva ndiye wa kwanza, yuko Moshi. Mtu mpole, hana neno na mtu. Ndivyo nilivyokuwa nikimjua mimi Shamsa, na ndivyo Same nzima inavyomjua.

Tunashona nguo za shule kwenye baraza la duka la Jenoveva, ng'ambo ya barabara kutoka sokoni. Tuko wanne: Jenoveva mwenye baraza, mimi, Husna ambaye ni mdogo kuliko sisi sote, na Mama Eva. Lakini Mama Eva hashoni. Kushona anajua kutushinda, ila kazi yake pale ni kusoma. Ilianza miaka minne iliyopita, redio ya Jenoveva ilipokufa katikati ya msimu, tukawa tunashona kimya kama tuko kwenye mtihani. Mama Eva akatoa kitabu kwenye kikapu chake, akatusomea wakati wa kula. Chakula kikaisha, hadithi haijaisha. Alipotaka kurudi kwenye cherehani, Jenoveva akamnyang'anya sketi mkononi, akamwambia, "Wewe endelea. Hii nakushonea mimi."

Tangu siku ile ikawa sheria ya baraza: msomaji hashiki nguo. Fungu lake la sketi tunagawana sisi watatu, naye anasoma tangu asubuhi mpaka sauti ikauke. Watu wa stendi wanatucheka, eti tuna redio yenye miwani. Wacheke. Kusoma na mimi najua, nilimaliza darasa la saba, lakini mikono ikiwa kwenye kitambaa macho hayawezi kuwa kwenye karatasi. Kwa hiyo elewa vizuri: nilikuwa namlipa yule mama kwa mgongo wangu. Kila rinda nililomshonea, nilishona nikiamini kwamba anachokisoma ndicho kilichoandikwa.

Na usidhani tulikuwa tunasikiliza tu kama watoto wa chekechea. Tulikuwa tunavigombeza vile vitabu! Kuna mwandishi mmoja wa mjini aliyeandika habari za huku kwetu Upare, msichana wake anapanda mlimani asubuhi, anachuma tangawizi mtini. Mtini, jamani! Mama Eva mwenyewe alikiweka chini kile kitabu, akavua miwani, akasema huyo mtu tangawizi ameiona kwenye kikombe tu. Husna alitaka tumpigie simu. Tulitafuta namba yake kitabu kizima, hatukuiona.

Vya kutafsiriwa ndivyo vilivyotutesa zaidi. Vingi Mama Eva analetewa na Eva, vya mitumba, majalada yamechoka. Humo ndani watu hawaongei, wanahutubia. Mke anamwambia mumewe, "Ningependa kukujulisha kwamba nimesikitishwa na mwenendo wako." Mke gani huyo? Siku moja tukasomewa kwamba binti mmoja alipomwona mchumba wake alihisi vipepeo tumboni. Cherehani zote zikasimama. Jenoveva akasema huyo ana minyoo, apewe dawa. Husna akasema labda kwao wanakula wadudu. Tukabishana mpaka mteja akaondoka na kitambaa chake, na mimi nikaapa kwamba aliyetafsiri kitabu kile hajawahi kukaa na binti anayependa, na kama amewahi, basi hakumuuliza.

Basi mwezi wa kumi na moja Mama Eva akaja na kitabu tulichokiita kitabu cha theluji. Ni cha kutafsiriwa hicho, cha nchi za baridi huko, kuna dada wawili, Marita mkubwa na Odila mdogo. Odila alimkosea dada yake kosa zito, halafu miaka ikapita hawasemezani. Mwishoni Odila anarudi, anatembea kwenye theluji siku nzima, anabisha hodi kwa dada yake. Mimi tangu katikati ya kitabu nilikuwa sisemi kitu. Wenzangu wanabisha, wanacheka majina, mimi kimya.

Kwa sababu na mimi nina mdogo wangu. Anaitwa Nasrin, yuko Lembeni, kwenye nyumba ya mama yetu. Kutoka hapa Same hata saa moja haifiki kwa gari. Mama alipoanza kuugua mimi nilitaka nimlete mjini karibu na hospitali, Nasrin akasema mama abaki kwake alipozoea. Tukatupiana maneno, nikaacha kwenda, miezi miwili. Halafu Alhamisi moja, nimekaa kwenye cherehani hapa hapa, Nasrin akanipigia simu saa kumi jioni. Akasema, "Dada, mama ametutoka. Tumeshamzika."

Tumeshamzika! Mama yangu amekata roho alfajiri, ameoshwa, amekafiniwa, ameswaliwa, amezikwa, na mimi mtoto wake mkubwa niko hapa napachika vifungo vya mashati ya watu. Sikumwosha mama yangu. Sikumshika hata kidole. Waliomwosha ni Nasrin na majirani, na watu baki walimwona mara ya mwisho, mimi sikumwona. Miaka sita sikumsemesha yule mwanamke. Nikimkuta kwenye harusi ya ndugu nahama mkeka. Akituma salamu narudisha hewa. Watu walikuja na maneno yao, shekhe alikuja na yake, nikawasikiliza wote, nikawapa chai, wakaenda zao.

Sasa turudi kwenye kitabu. Mama Eva akafika ukurasa wa mwisho. Akasoma taratibu, sauti imekauka: Odila akabisha hodi. Marita akaitambua ile hodi. Akakaa kidogo. Kisha akainuka, akafungua mlango, akamtazama mdogo wake tangu kichwani mpaka miguuni, akamwambia, "Ingia. Baridi itakuua, na mimi sina mdogo mwingine." Basi. Kitabu kikafungwa. Husna akapiga makofi. Mimi nililia mpaka nikalowesha kola ya shati la mtu, ikabidi ifuliwe.

Ijumaa ile nikapanda gari mpaka Lembeni. Sikuaga mtu. Nasrin alikuwa uani anachambua kunde, aliponiona ungo ukamtoka mkononi. Nikamwambia, "Nasrin, yamekwisha. Sitaki kuuliza kitu, sitaki uniambie kitu. Yamekwisha." Tukalia, tukala, nikarudi. Tukapanga Jumapili ya kwanza baada ya shule kufunguliwa tumsomee mama hitma, kwangu, hapa Same. Hitma ya kwanza ya sisi wawili tukiwa pamoja. Nasrin aje na wanawe, na ndugu wote waje watuone.

Ndipo nikapata wazo langu lile baya. Mama Eva alikuwa amepanda Suji kwa sikukuu za mwisho wa mwaka, kikapu chake cha vitabu amekiacha kwenye kabati la Jenoveva. Yeye kitabu haazimishi, hata umbembeleze vipi. Anasema vitabu vikienda havirudi. Nikasema mimi siazimi, nataka ukurasa ule mmoja tu. Nataka nimsomee Nasrin siku ya hitma, ajue ni nini kilichonishusha Lembeni. Nikafungua kabati, nikatoa kitabu cha theluji, nikaenda ukurasa wa mwisho.

Hakukuwa na mlango uliofunguliwa. Nilirudia mara tatu nikidhani kurasa zimegandana. Imeandikwa hivi: Odila akabisha hodi. Marita akaitambua ile hodi. Akakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, mpaka hodi ikakoma. Kisha akaenda dirishani, akaziona nyayo kwenye theluji zikirudi zilikotoka. Akachemsha maji ya chai. Mwisho! Hakuna "ingia," hakuna "sina mdogo mwingine." Anakunywa chai!

Jamani, nilihisi kama nimevuliwa nguo sokoni. Miaka sita nimeilea hasira yangu, haki yangu, hakuna aliyeweza kuniondolea, si shekhe, si wazee, halafu Mama Eva ananiondolea kwa sentensi moja aliyoitunga yeye akinywa maji ya tangawizi! Nimemsamehe Nasrin kwa sababu ya mwanamke ambaye hakusamehe. Sasa msamaha wangu umesimama juu ya nini? Nilishika simu nimwambie Nasrin asije, hitma hakuna. Nikaiweka. Nikasema kwanza aje huyo msomaji.

Akaja Jumatatu ile, saa nane hivi, mgongoni kabeba ndizi za Suji za kutugawia. Husna akasimama kumpokea. "Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Hamjambo?"

Mimi sikuitikia. Kitabu nilikuwa nimekiweka juu ya cherehani yangu, wazi, ukurasa wa mwisho. Akakiona. Akaweka ndizi chini polepole, akakaa.

"Umesoma," akasema.

"Nimesoma! Kumbe ulidhani sijui kusoma? Marita alifungua mlango wapi, Mama Eva? Nionyeshe. Nionyeshe mstari!"

Jenoveva na Husna hawakuelewa, ikabidi niwasomee. Nikasoma kwa sauti, nyayo na chai na yote. Kisha Husna akasema, "Ee! Kwa hiyo hakumfungulia?" kana kwamba amepata habari ya msiba.

"Hakumfungulia," akasema Mama Eva. "Nilibadilisha."

Jenoveva akajitia hakimu. Akasema nipunguze sauti, watu wa stendi wanasikia. Akasema kubadilisha kidogo si dhambi, hata yeye hadithi za watoto anazikata akiona zinatisha, na kwani mimi nimepata hasara gani? Dada yangu ninaye, tumekula pamoja, ningetaka nini tena.

"Nilitaka kuambiwa kilichoandikwa!" nikamwambia. "Anayetafsiri akiharibu tunamtukana hapa mchana kutwa. Anayeandika tangawizi mtini tunamtafuta kwa simu. Huyu anatuondolea mwisho wote wa kitabu, tumshukuru?"

Husna alikuwa anawaza vyake. Akamgeukia Mama Eva, akauliza taratibu, "Mama, na yule Roderiko wa kitabu cha kisiwani, aliyeugua homa. Alipona?"

Mama Eva akavua miwani akaifuta.

"Mama, alipona?"

"Alikufa. Ukurasa wa sitini."

"Wa sitini! Na kitabu kilikuwa kinene vile! Na harusi yake je? Na safari ya kurudi kwao, na shamba alilolima?"

"Hizo nilitunga. Kila asubuhi nikija kazini, njiani."

Hapo Jenoveva aliyekuwa hakimu akaruka kama ameungua. "Mjukuu wangu anaitwa Roderiko! Nilimshawishi mwanangu ampe jina la yule mtu, nikamwambia ni jina la mtu aliyeshinda ugonjwa, akazeeka, akaona wajukuu! Wewe mama, umenifanya nimpe mtoto jina la marehemu!"

Sasa tukawa watatu tunasema kwa pamoja, na hakuna anayemsikia mwenzake. Husna ndiye aliyetulia kwanza, akasema jambo ambalo mpaka leo linanikera kwa sababu ni kweli. Akasema, "Ndiyo maana. Ndiyo maana mwanzoni watu walikuwa wanaongea kama barua ya serikali, halafu ghafla wakaanza kuongea kama watu. Tukamsifu sana mwandishi. Kumbe tulikuwa tunamsifu Mama Eva."

"Msimsifu!" nikafoka. "Nani amemtuma?"

Mama Eva alingoja tunyamaze. Hakulia, wala hakuomba radhi. Alituambia habari ya kwao Suji, ambayo katika miaka minne hajawahi kuisema. Alipokuwa darasa la nne alikuwa ndiye mtoto anayesoma vizuri pale kijijini, kwa hiyo wazee wakiletewa barua za Kiswahili, anaitwa yeye azisome kwa Chasu, Kipare chao, maana wengi wao Kiswahili kilikuwa kinawapiga chenga. Kuna bibi mmoja jirani, mwanawe alikuwa tambarare anakata mkonge. Siku moja ikaja barua. Eliakunda akaisoma neno kwa neno, kama alivyofundishwa shuleni: mama, huku nimepata mke na watu wengine, msinitafute tena, mtu asije kuniulizia.

"Yule bibi alinishukuru," akasema. "Akanipa ndizi mbivu. Wiki ile pembe ililia ya msaragambo, kazi ya pamoja, tulikuwa tunazibua ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Kila kaya inatoka. Yeye alikuwa hajawahi kukosa hata akiwa na homa. Hakutoka. Watu wakaenda kumwita, wakamkuta amekaa kitandani amevaa, jembe liko miguuni. Alikaa hivyo mpaka mvua za mwaka uliofuata, akafa. Mimi ndiye niliyemsomea. Tangu siku hiyo sijamsomea mtu barua kama ilivyo. Nikiona makali, nayapunguza. Nikiwa nageuza kutoka Kiswahili kwenda Chasu, nani atajua? Ndivyo nilivyozoea."

Jenoveva akaanza kutikisa kichwa kwa huruma. Mimi huruma haikunijia, nakwambia ukweli. "Na kama ungemdanganya yule bibi," nikamuuliza, "angemsubiri mwanawe mpaka lini?"

"Wale wengine niliowapunguzia walisubiri," akajibu. "Wanne. Walikufa wanasubiri. Najua, Shamsa. Hakuna siku nimejidanganya kwamba sijui."

"Basi kwa nini mimi?"

"Kwa sababu nilipofika ukurasa ule nilikutazama. Ulikuwa umeacha kushona, umeshika mkasi, midomo imekukauka. Nikasoma mbele kwa macho, nikaona ile chai. Nikaogopa ungekwenda nyumbani nayo."

"Ulinihurumia!"

"Nilikuhurumia."

"Mimi si yule bibi wa Suji! Mimi ni mtu mzima, nimezika mume, nimelea watoto. Kama kitabu kina chai nipe chai! Nikiungua nitajua mwenyewe nilivyoungua. Umenifanya mtoto, Mama Eva. Umeniamulia moyo wangu ukiwa umekaa kwenye kiti hicho, na mimi nimeinama nakushonea sketi zako!"

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. Akasema, "Hilo ni kweli. Hilo sikuliwazia." Akavuta kitambaa kutoka kwenye fungu lake, akavuta sindano, akaanza kulaza marinda kwa mkono. Sheria ya baraza aliivunja mwenyewe, na hakuna aliyemzuia. Husna akageuza uso upande wa barabara.

Mimi nikatoka. Nikaenda nyuma ya duka, kwenye mapipa ya maji, upepo unapeperusha vumbi la Same lote machoni mwangu, nikampigia Nasrin. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nitamwambia msamaha ule haukuwa wangu, ulikuwa wa kutungwa, na hitma kila mtu asome kwake.

"Dada," akaitikia, furaha imejaa. "Mchele nimeshapata, wa Ndungu, unanukia—"

"Nasrin, nyamaza unisikilize." Nikamwambia yote. Kitabu, mlango, chai, Mama Eva. Nikamwambia, "Nilikuja kwako kwa sababu ya mwisho ambao haupo. Nilikwambia sitaki kuuliza, sasa nauliza. Siku aliyokufa mama, kwa nini hukunipigia? Niambie kama ilivyokuwa. Usipunguze hata neno. Ukipunguza nitajua, na Jumapili usije."

Nikasikia mlango unafungwa kule kwake.

"Simu ilikuwa mkononi," akasema. "Jina lako nilishalitafuta, lilikuwa pale mbele yangu. Sikupiga. Miezi miwili nimemgeuza peke yangu, nimemfulia peke yangu, wewe hukuja hata siku moja. Nilitaka uumie, dada. Nilitaka uumie kama mimi."

Nilishika ukingo wa pipa.

"Umesema nisipunguze," akaendelea, sasa analia. "Basi kuna lingine. Usiku ule mama alikuulizia. Aliuliza mara mbili, Shamsa amekuja? Mara ya kwanza sikumjibu. Mara ya pili nikamwambia amekuja. Nikamwambia yuko jikoni, anakuchemshia uji."

"Akasemaje?"

"Akasema, mwambie asijaze sukari, mkono wake ni mzito. Akafumba macho. Hakusema tena."

Mkono wangu ni mzito kweli. Tangu nikiwa msichana mama alikuwa ananifukuza kwenye kopo la sukari. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi, gauni langu la kazini na yote, nikalia kwa sauti, na Nasrin naye analia kule Lembeni, tunalia kwenye simu kama wendawazimu. Sikujua nianze kumtukana kwa lipi. Kwa kuninyima simu, au kwa kumdanganya mama yangu dakika za mwisho, au kwa kunifikisha jikoni kwa mama siku ambayo sikufika.

"Dada," akaniita. "Jumapili nisije?"

"Uje," nikamwambia. "Uje Jumamosi asubuhi, ulale. Kuna mchele wa kuchagua, na mimi sijamaliza kukugombeza."